Mbegu ya Mgeni

Mwaka ule tulikula yanga. Ukimwambia hivyo mtu wa bonde hili mwenye umri wangu, hatakuuliza tarehe. Ataguna, atashika tumbo, kisha atakuambia yeye aliula na nini. Yanga ulikuwa unga wa mahindi ya njano, wa msaada, ulioshushwa stesheni ya Ifakara kwenye magunia yenye maandishi tusiyoyajua, ukavushwa mto kwa pantoni hadi upande wetu wa Ulanga, na ukifika kwenye sufuria ulinuka kama gunia lenyewe. Sisi ni watu wa wali. Mtoto wetu huanzia kwenye uji wa mchele, na mzee wetu asiye na meno humalizia kwenye uji huohuo. Kumlisha mtu wa Kilombero ugali wa njano mchana na jioni ni kama kumvua nguo sokoni. Tuliula kwa kambale mkavu, tukaula kwa kisamvu, kwa matembele, siku nyingine kwa chumvi tu, na vijana wakataniana kwamba siku hizi ukienda chooni huhitaji taa. Masika yaliyotangulia mto ulipanda ukakaa. Hata mpunga wetu mrefu tuliouita Shingo ya Mwali, ambao kwa kawaida hunyanyuka pamoja na maji kama mtu anayevuka na mzigo kichwani, ulizama ukaoza. Tukala akiba. Akiba ilipokwisha tukafanya jambo ambalo mkulima halitaji mbele za watu: tukala mbegu.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu mwezi uliopita gari lilisimama mbele ya nyumba yangu, akashuka mzee mwenye fimbo na kofia. Nikadhani anaomba kura. Akasimama akaniangalia, akasema, "Apolonia, bado unakunja uso." Hapo ndipo nilipomjua. Alikuwa Bwana Elisante, mtaalamu wa mpunga, ambaye nilimwona mara ya mwisho akiwa kijana mwembamba mwenye suruali iliyolowa hadi magotini. Siku hizi mto una daraja, mtu anavuka akiwa amelala kwenye kiti cha gari. Zamani pantoni ilikupa muda wa kufikiri unakwenda kufanya nini. Nilimpikia wali kwa kitoga, samaki wetu wa mtoni, wa nazi. Alikula sahani mbili, kisha akasema kwamba kila shamba la majaribio aliloanzisha maishani mwake baada ya lile la kwetu, kabla hajapima chochote aliuliza kwanza ni nani aliyelitoa na kwa nini alitoa hilo. Nikamwambia vizuri, ila mimi hilo halikunipeleka chuo. Akacheka, nami sikucheka, ndipo akaacha.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa nakaa kwa baba mdogo Longinus, mwenyekiti wa kijiji, na kwa nini nilikaa kwake si habari ya leo. Nyumba yake ilikuwa na vyumba vitatu vya matofali mabichi, na kimoja kilikuwa changu, chenye dirisha dogo lililoelekea mbuga. Siku Bwana Elisante alipofika na masanduku yake, mizani yake na magunia mawili ya mbegu, chumba changu kikawa chake. Hakuna aliyeniuliza. Nilirudi kutoka kuchota maji nikakuta kitanda changu kimetandikwa shuka la harusi la mama mdogo, na mkeka wangu umesimamishwa jikoni karibu na matetea. Tangu siku hiyo nililala jikoni, na moshi ukaingia kwenye nywele zangu hata nikifua kitambaa cha kichwa mara tatu kinanuka. Mgeni kwetu hufanyiwa hivyo. Yeye huanza kunawa mikono, huanza kula, na kipande chenye mafuta ni chake. Bwana Elisante alitoka Upareni, alikuwa na adabu, na kila asubuhi alimwamkia mama mdogo shikamoo hata kabla hajapiga mswaki. Mama mdogo Skola alimpenda kwa hilo. Mbegu yake ndiyo hakuipenda.

Mbegu ile ilikuwa ya mpunga mfupi. Bwana Elisante alieleza, akiwa amekaa kwenye kigoda na wazee wamemzunguka, kwamba imechunguzwa miaka mingi na wataalamu, inazaa mara mbili ya yetu, na uzuri wake mkubwa ni kuwahi kukomaa. Mto ukija kujaa, ninyi mmeshavuna, mko nyumbani mnakula. Maneno hayo, mwaka wa yanga, yalikuwa matamu kuliko asali. Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni na ungo. Akauliza, na mto ukiwahi kuliko hiyo mbegu yako? Bwana Elisante akajibu kwa upole kwamba hata mpunga wa kwetu mrefu ulizama mwaka jana. Mama mdogo akasema ndiyo, ulizama, lakini ulizama siku ya kumi. Huo wako ukifikiwa na maji utazama kabla hujafunga viatu. Wazee wakacheka. Baba mdogo akamkata jicho, naye mama mdogo akarudi kwenye ungo wake. Lakini nisimpambe mama mdogo kama wanavyopambwa wazee siku hizi. Yeye alisoma mto kwa siafu na kwa viota vya ndege, na mwaka ule wa mafuriko siafu walikuwa wamemwambia maji yatakuwa ya kawaida.

Ikakubaliwa lifanyike jaribio. Bwana Elisante aliomba kipande cha shamba kinachofanana na mashamba ya watu wengi. Hayo ndiyo maneno yake, niliyasikia kwa masikio yangu nikimwaga maji ya kunawa. Baba mdogo akafikiri usiku kucha, asubuhi akampa hame. Hame ni mahali palipokuwa na nyumba zamani, watu wakahama. Palikuwa na mazizi ya mbuzi, majalala, majivu ya miaka na miaka, na udongo wake ni mweusi, ukiushika unabaki mkononi kama mafuta. Lile lilikuwa hame la babu yake, liko juu kidogo ya mbuga, maji ya mto hulilamba miguu hayalipandi. Kijiji kizima hakikuwa na ardhi kama ile. Nilimsikia akimwambia mama mdogo, "Nitampaje mgeni tope la kule chini, akaseme kwao kwamba Longinus ni mchoyo?" Mama mdogo kwa mara ya kwanza hakumbishia. Na mimi pia sikuona kosa. Angeona nani? Bwana Elisante mwenyewe alishukuru, akapiga vigingi, akafunga kamba, akagawa hame nusu mbili sawa, upande huu mbegu yake, upande ule Shingo ya Mwali, iliyotoka kwenye kibuyu ambacho mama mdogo alikificha juu ya moshi wakati sisi wengine tunakula mbegu zetu.

Nikapewa kazi ya kulilinda. Kazi yenyewe ilikuwa hii: kukaa kwenye dungu, kile kichanja cha miti cha kulindia ndege, tangu jua linatoka hadi linazama, kupalilia pande zote mbili siku moja, kwa mkono wa mtu yuleyule, kupima urefu wa mashina kwa rula kila Jumatatu na kuandika kwenye daftari, maana nilikuwa nimefika darasa la nne na mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Nisiondoke. Nisimwache mtu akatize. Nisichume hata shuke moja. Mvua zilipokolea, maji yakajaa mbuga yote kushoto na kulia, njia ya kwenda nyumbani ikawa ya kupita kwenye maji ya mapaja, na mimi nikawa nimekaa juu ya miti minne kama kuku aliyewekewa tenga. Kutoka pale niliona barabara ya Lupiro. Niliona baiskeli zikienda mtoni zimebeba samaki, niliona wasichana niliosoma nao wakienda mnadani wamevaa khanga mpya, na wao waliniona. Walinipungia mkono. Mwanzoni nilipunga, baadaye niligeuka upande mwingine. Mtu akiniuliza leo jela ikoje, nina la kumwambia, ingawa sijafika.

Kilichonifanya nikae ni karatasi. Bwana Elisante alikuwa nayo sandukuni, na alinionyesha mchana mmoja tukila, yeye juu ya mkeka na mimi pembeni. Ilikuwa fomu ya chuo, mafunzo ya wasaidizi wa mashamba ya utafiti, mtu mmoja kutoka kijijini, malazi na chakula juu ya chuo. Palikuwa na mstari mtupu wa jina. Alisema mwandiko wangu na uaminifu wangu vinatosha. Msimu ukiisha, mkubwa wake atakuja kutoka Dar es Salaam kwenye mkutano wa kijiji, yeye ndiye mwenye muhuri. Niliinama nikakusanya sahani. Lakini niliubeba mstari ule hadi kwenye dungu, nikawa naandika jina langu hewani kwa kidole, Apolonia, nikiacha nafasi, nikiandika la pili. Nilikuwa na hakika kwamba kuna mlango mmoja tu wa kutoka kwenye jiko lile na dungu lile, na kwamba uko ndani ya sanduku la mgeni.

Sasa niseme nililofanya. Sikulifanya kwa hila, na ndiyo maana lilikuwa baya. Kila asubuhi nilianza na upande wa mbegu ya mgeni. Nilipalilia huko mikono ikiwa na nguvu, upande wetu nikaufikia jua likiwa kichwani na mgongo umeshaniuma. Kwelea kwelea waliposhuka, na mwaka ule walishuka kama moshi, kombeo langu lilirusha kwanza kwenye mbegu ya mgeni; wakiruka kutoka huko wanatua wapi? Kwenye Shingo ya Mwali. Kisha mvua ikakatika majuma mawili, hame likapasuka. Kule chini mbugani kulikuwa bado na maji, lakini juu huku ardhi ilikauka kama kisigino. Mama mdogo, ambaye hakuipenda mbegu ile, alikuja mwenyewe na ndoo kichwani. Akaumwagilia mpunga mfupi, shina kwa shina. Nikamuuliza, na wetu? Akanijibu kwamba wetu ni mwenyeji, umezoea shida. Huu ukifa, tutasema umefia mikononi mwa nani? Nikachukua ndoo ya pili nikamsaidia. Siku tisa tulifanya hivyo. Kila Jumatatu nilipima kwa rula, nikaandika kwa mwandiko mzuri, na kila namba niliyoandika ilikuwa ya kweli.

Neema, mjukuu wangu, anasomea kilimo Morogoro, wa kwanza katika ukoo wetu kufika chuo kikuu, na nikitaja jina lake shingo yangu inarefuka, sifichi. Alipomkuta Bwana Elisante kwangu alitoa simu yake akataka kunirekodi. "Bibi, waambie watu kwamba nyie wazee mlijua tangu zamani mbegu za kitaalamu hazifai hapa." Nikamuuliza ni nani aliyemwambia hivyo. Akasema watu wanapenda kusikia hekima ya mabibi. Nikamwambia azime simu, akale. Nilimsikia baadaye akimnong'oneza rafiki yake kwamba bibi ni mgumu. Ni kweli. Lakini ajue ugumu huu ulianzia wapi: ulianzia mahali ambapo watu wawili walinivuta mikono, mmoja huku na mmoja kule, na wote wawili walitaka kitu kimoja, waazime macho yangu.

Mpunga ulikomaa. Mbegu ya mgeni ilikomaa kwanza, kama alivyoahidi, na jamani ilipendeza. Fupi, nene, imeinama kwa uzito. Watu walikuja wakasimama nje ya kamba wakameza mate, maana ulikuwa bado mwaka wa yanga, na mpunga ulipokuwa bado mbichi kila mtu alikuwa amefikiria pepeta, ule mchele mchanga wa kukaanga na kutwanga, na Bwana Elisante aliwakatalia hata konzi moja. Kulikuwa na mzee aliyesema mgeni huyu ni mkarimu sana, anatutazamisha. Siku ya kupima, mizani ilining'inizwa kwenye mti wa dungu. Upande wa mbegu fupi ulizidi wetu zaidi ya mara mbili. Watu wakapiga vigelegele. Bwana Elisante alitokwa machozi, nami nikafurahi pamoja naye, na furaha yangu ilidumu hadi alipofungua daftari langu, akaandika chini ya namba zangu, akasoma kwa sauti: inafaa kwa mashamba yote ya kijiji, ya juu na ya mbugani. Nikaangalia mbugani. Mashamba ya watu wote yalikuwa kule. Hakuna punje ya mbegu ile iliyowahi kulowa kule.

Siku mbili kabla ya mkutano baba mdogo alichinja jogoo. Tulikula mchana, sebuleni, wali wa mpunga ule mpya, wali wa kwanza tangu sikumbuki lini, na mimi niliitwa nikae nao badala ya jikoni. Nikajua kuna jambo. Bwana Elisante alieleza kwamba kibuyu kile kimebakiza mbegu ya kwetu ya kujaza mashamba machache tu, na mkubwa wake ana lori la mbegu fupi tayari stesheni, lakini hatalileta kama watu wanasitasita. Baba mdogo akasema watu hawamwamini mtu wa suruali, watamwamini aliyekaa kwenye dungu. Kwa hiyo nisimame mkutanoni niseme: nimeona kwa macho yangu, mbegu hii inafaa juu na inafaa chini kwenye maji. Maneno machache tu. Na Bwana Elisante, bila kunitazama, akaweka ile karatasi juu ya mkeka, kati ya sahani ya nyama na bakuli la kunawia. Alikuwa ameshaandika herufi ya kwanza ya jina langu kwa penseli.

Nilirudisha tonge sahanini. Niliangalia ile herufi. Niliangalia mlango wa chumba changu, ukiwa umefungwa, na nguo za mgeni zimetundikwa. Nilikuwa na njaa ya kutoka iliyozidi njaa niliyoijua mwaka ule wote, na ningeweza kusema; kusema ni kufungua mdomo tu. Nikafungua.

"Sitasema nimeona nisichokiona."

Baba mdogo akasukuma sahani yake. Kwetu mwanamume akisukuma sahani yenye nyama, nyumba nzima huacha kutafuna. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimelogwa. Bwana Elisante akasema labda sikuelewa, akafungua daftari, akaniuliza huu ni mwandiko wa nani. Nikasema wangu. Namba hizi ni za uongo? Nikasema hapana, za kweli. Basi? Ndipo nikamweleza: hame ni nini, kwelea kwelea walifukuzwa kutoka wapi kwenda wapi, ndoo zilimwagwa upande upi siku tisa. Nilimweleza kwamba tulichopima ni ukarimu wetu. Masikio yake yakabadilika rangi. Alimgeukia baba mdogo, baba mdogo akaangalia paa. Bwana Elisante akasema polepole kwamba ripoti imeshaondoka, na kwamba watu wana njaa, na kwamba mbegu hii imefanya vizuri sehemu nyingine nyingi, hilo si uongo. Na kweli halikuwa uongo. Nilimwona alivyobanwa, naye alikuwa kijana, alikuwa na mkubwa. Hakuichukua ile karatasi. Aliiacha pale kwenye mkeka nipate kuitazama.

Nilikimbilia jikoni, na mama mdogo alikuwa amesikia yote. Alinikumbatia, jambo alilolifanya kwa nadra kama mvua ya Agosti. Akasema nimewatia adabu. Kisha akaanza kunipanga. Mkutanoni nisimame niseme kwamba miche ya mbegu ile iliachwa kwenye beseni la maji nyuma ya jiko ikaoza siku ya pili. Nikamwambia hatukuweka miche kwenye beseni. Akasema lakini ingewekwa ingeoza, yeye anajua, amelima mbuga hii kabla sijazaliwa. Wanawake wote wa kijiji watakuwa nyuma yangu. Ukisema uliiona ikioza, alisema, lile lori halivuki mto. Nilijitoa mikononi mwake. Akaniita mtoto wa kambale, hushikiki kichwa wala mkia. Kwa siku mbili hakuna mtu aliyeniongelesha katika nyumba ile isipokuwa mgeni, naye alinisalimu tu. Nilikula ukoko. Kuku walikuwa na raha kuliko mimi.

Nitawaambia sasa hivi yaliyotokea baadaye, ili msikae mkisubiri mafuriko. Sikwenda chuo. Karatasi ilijazwa jina la kijana wa kijiji cha pili, na alikuja kuwa mtu mzuri, sina kinyongo naye. Lori lilikuja. Wengine walipanda mbegu fupi kila mahali, wengine waliipanda juu tu na kule chini wakatia kile kidogo cha Shingo ya Mwali kilichobaki, wakigawana kwa kikombe. Na msimu ule mto ulichelewa. Waliopanda fupi mbugani walivuna hadi wakakosa pa kuweka, na wakipita nilipo waliniita Binti Sijaona, wakinionyesha magunia. "Haya, na hili hulioni?" Nilisema naliona, hongereni. Msimu uliofuata mto uliwahi, ukaiondoa mbegu fupi yote ya chini kwa siku moja, na wale wale wakaja kwa mama mdogo na vikombe kuomba mbegu. Yeye alitaka niwacheke. Sikuwacheka. Kama mto ungeendelea kuchelewa miaka mitano, mama mdogo ndiye angechekwa. Leo bonde zima hulima hivi na hivi, fupi inapofaa, ndefu inapofaa, na Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao wameongeza za kwao, na kila mtu anadhani imekuwa hivyo siku zote. Chumba changu nilirudishiwa mgeni alipoondoka. Nilikaa ndani yake miaka mitatu mingine, nikitazama mbuga kwa lile dirisha dogo, hadi nilipoolewa. Sikuwahi kufika mbali zaidi ya Ifakara mjini. Neema anakwenda kwa niaba yangu, hilo nalijua kila anapofunga begi.

Mkutano ulikuwa mbele ya ghala la ushirika, saa nne asubuhi. Watu walikaa chini, wanaume upande huu, wanawake upande ule, na katikati iliwekwa meza ya shule yenye kitambaa. Mkubwa wa Bwana Elisante alikuwa mtu mnene mwenye sauti nzuri, alikuwa na fomu mbele yake na kalamu imefunguliwa. Baba mdogo alisema maneno ya kufungua, akanitaja, akasema huyu ndiye aliyelala na kuamka na mbegu ile. Watu wakacheka kidogo. Nikasimama. Nilikaza khanga yangu kiunoni. Nilisema niliyoyaona: kwamba kwenye hame la babu, mbegu ya mgeni, ikipaliliwa kwanza, ikilindwa kwanza, ikinyweshwa kwa ndoo, ilizidi yetu zaidi ya mara mbili, na kwamba iliwahi kukomaa, hayo nimeyaona na nimeyaandika. Nikasema na la ndoo, mbele ya mama mdogo. Nikasema na la hame, mbele ya baba mdogo. Watu walivuta pumzi. Mzee mmoja akasema basi tumempima Longinus, hatukupima mpunga, na kicheko kikapita upande wa wanaume, kikafa haraka, maana baba mdogo alikuwa amesimama.

Mkubwa kutoka Dar hakukasirika. Alitabasamu, akasema binti ameeleza vizuri, ni mkweli, watu wa namna hii ndio chuo kinawataka. Akaigusa fomu kwa kalamu. Sasa alitaka jambo moja tu ili watu waende makwao: kule mbugani, kwenye maji, mbegu hii itafaa au haitafaa? Nilimwona Bwana Elisante ameinamisha kichwa. Nilimwona mama mdogo, wa mbele kabisa upande wa wanawake, akinitingishia kichwa, akitamka bila sauti neno beseni. Baba mdogo akanisogelea hadi nikasikia pumzi yake, akasema kwa sauti ambayo watu wote waliisikia, "Mwanangu, unaulizwa. Inafaa au haifai? Umeona nini?" Pale mbele palikuwa na kalamu, pale pembeni palikuwa na wanawake wote niliochota nao maji, na nyuma yangu palikuwa na ukuta wa ghala, wenye joto la jua, ukinigusa mgongo.

"Sitasema nimeona nisichokiona."